Dada Aliyeota Ndevu, na Sindano ya Umeme

Katika darsa yetu ya mwezi uliopita lilisomwa suala lililoandikwa na mwanamke katika karatasi iliyokunjwa mara nne, wala halikuwa na jina. Lilipitia kwa bibi mmoja mtu mzima akusanyaye masuala ya upande wa wanawake, naye peke yake ndiye amjuaye mwenyewe. Mwenye kuuliza alieleza kuwa ana miaka 24. Kuwa tangu alipobaleghe zimemwota nywele nyeusi, ngumu, kidevuni na juu ya mdomo. Kuwa huzing'oa kila alfajiri kwa kibanio na kwa uzi kabla watu wa nyumbani hawajaamka, hata ngozi yake imejaa vipele na madoa. Na kuwa amesikia wako mafundi wauao mizizi ya nywele kwa sindano ya umeme, zisiote tena maisha. Kisha akauliza mambo mawili. La kwanza: je, kufanya hivyo ni kubadilisha alivyoumba Mwenyezi Mungu? La pili: nikifanya, nitapumzika?

Suala liliposomwa, baadhi ya vijana wa safu za nyuma walicheka. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikiwa, kuwa huyu ameruzukiwa sunna ya wanaume bila ya kuiomba. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitabasamu. Upande wa pili wa pazia, ambako kwa kawaida hakukosi sauti ya mtoto au ya vikombe, palinyamaza kimya.

Suala la kwanza lilijibiwa usiku ule ule, na jibu lake nitalieleza. La pili halikujibiwa. Tulilihesabu kuwa ni jambo la wanawake na la mahospitali, halistahiki kuchukua wakati wa darsa. Nimekaa nalo tangu siku hiyo, na nimeona tulikosea. La kwanza ndilo jepesi, na la pili ndilo zito; kwani mtu akiruhusiwa njia, kisha asiambiwe njia ile yafika wapi na ina miiba gani, ruhusa hiyo imemfaa nini?

Tulianze lile jepesi. Asili ya khofu ya dada yetu ni hadithi sahihi iliyopokewa na Ibn Mas'ud (r.a.), imo katika Bukhari na katika Muslim, ambayo ndani yake wamelaaniwa wenye kuchora miili kwa sindano, na wenye kung'oa nywele za uso, na wenye kutia mianya meno yao kwa ajili ya uzuri. Hadithi hii haichezewi, wala si haki ya mtu kuipita kwa kuwa zama zimegeuka. Walakini wanazuoni wameisoma kwa utulivu kuliko tunavyoisoma sisi. Imamu Nawawi, ambaye ndiye tegemeo la watu wa madhehebu ya Shafi katika pwani hii, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa katazo hili laangukia nyusi na pambizo za uso. Ama mwanamke akiota ndevu au masharubu, si haramu kuziondosha, bali yapendeza aziondoshe. Kadhalika ameeleza kuwa katika meno, lililokatazwa ni lile lifanywalo kwa kutafuta uzuri. Lifanywalo kwa tiba au kwa kuondosha aibu ya jino halimo.

Yuko aliyekataa. Ibn Jarir at-Tabari amesema kuwa haijuzu kwa mwanamke kunyoa ndevu zake wala masharubu yake, wala kugeuza chochote katika umbile lake kwa kuzidisha au kupunguza. Nilipoisoma kauli hii mara ya kwanza niliiona kali. Nilipoirudia nikaona ina heshima ndani yake: yamwambia mwanamke kuwa uso wake si kosa lililofanyika, na kuwa hana deni la kuurekebisha ili sisi wengine tupate raha ya macho. Mwanamke atakayeshika kauli hii, akaishi na ndevu zake kwa moyo uliotulia, hana wa kumlaumu. Lakini Ibn Jarir huyo huyo ametoa katika katazo lake kila lenye madhara na maudhi, kama jino la ziada limzuialo mtu kula, na kidole cha ziada kimuumizacho mwenyewe. Basi khitilafu yote yarudi katika neno moja: je, kuchekwa ni maudhi?

Imepokewa kuwa mwanamke kijana aliingia kwa Bibi Aisha (r.a.) akamwuliza juu ya nywele za uso, na jibu alilopewa lilikuwa ajiondoshee maudhi kwa kadiri awezavyo. Aliita maudhi, hakuita pambo. Na iko hadithi tuijuayo sote, ya wale watu watatu wa Bani Israili: mwenye mbalanga, mwenye upara, na kipofu. Malaika alipomwuliza mwenye mbalanga atakacho, alitaka rangi njema na ngozi njema, na kuondokewa na lile ambalo watu wamtukia kwalo. Mwenye upara naye alitaka nywele, kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hawakulalamikia uchungu wa mwili, walilalamikia watu. Nasi twaona kuwa malaika hakuwakemea kwa kutaka hivyo, wala hakuwaambia wasubiri na umbile lao. Aliwapangusa, na likaondoka. Waliangamia baadaye kwa ubakhili na kukanusha neema. Kutamani uso usiochukiwa hakukuhesabiwa kuwa ni dhambi yao.

Wako wasemao kuwa kunyoa kwajuzu kwa kuwa nywele zaota tena, ama kuua mzizi ni kubadilisha maumbile. Siioni nguvu ya hoja hii. Jino bovu haling'olewi kwa sharti liote tena. Kitu kikiwa kuondoshwa kwake kwapendeza, kukiondosha mara moja kwa taabu moja si kubaya kuliko kukiondosha mara elfu kwa taabu elfu. Ila pana mahali pamoja ambapo kudumu kwa jambo hili kwapasa kututia khofu, napo ni nyusi. Huko katazo limesimama, na hata asiyejali katazo na ajue kuwa nyusi zinazopendwa nyembamba mwaka huu huenda zikatakiwa nene mwaka ujao, na mzizi uliokufa haufufuki kwa kufuata desturi.

Hilo ndilo la kwanza. Sasa tuingie katika la pili, na msomaji asichoke nami, kwani nitasema mambo ya sindano na ngozi ambayo hayajazoeleka katika kurasa hizi.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1875 daktari wa macho aitwaye Charles Michel, wa mji wa St. Louis huko Marekani, alitangaza namna alivyotumia sindano yenye umeme kuua kope zilizoota kuelekea ndani zikawa zakwaruza jicho. Basi kwa asili yake elektrolisisi ilikuwa dawa ya macho kabla ya kuingia katika urembo, na hili si dogo kwa mwenye kuuliza kama ni tiba au ni pambo. Namna yake ni hii. Kila unywele huota ndani ya kifuko chembamba kilichozama katika ngozi, na chini ya kifuko hicho pana chembe ziuotishazo. Fundi huingiza sindano nyembamba mfano wa unywele wenyewe katika tundu lile lile la asili, kisha hupitisha umeme kidogo. Umeme wa namna moja huigeuza chumvi na maji yaliyomo ndani ya ngozi kuwa kostiki, ile ile waijuayo wapika sabuni, nayo huziyeyusha chembe zile. Umeme wa namna nyingine huziunguza kwa joto, nao ni wa upesi zaidi. Wako mafundi wachanganyao namna zote mbili kwa pamoja. Baadaye unywele huvutwa kwa kibanio kidogo, na kazi ikiwa imefanyika vizuri huteleza ukatoka bila ya kung'ang'ania.

Sindano moja, unywele mmoja. Hapa ndipo penye ukweli ambao wenye kuuza hawapendi kuutanguliza. Nywele za kidevu si za kuhesabika kwa vidole, wala hazioti zote kwa wakati mmoja: nyingine zi katika kukua, nyingine zimepumzika chini ya ngozi hazionekani, na mzizi hufa vizuri zaidi ukikutwa katika kukua. Tena fundi hauoni mzizi, hukisia kwa mkono mahali ulipo, na vifuko vilivyozoea kung'olewa kwa miaka huwa vimepinda, sindano isiufikie mzizi. Kwa hiyo unywele mmoja huenda ukarudi mara mbili au tatu, kila mara mwembamba kuliko kwanza, kabla ya kufa kabisa. Hesabu itajwayo mara nyingi ni vikao 15 hadi 30, kila kimoja cha robo saa hadi saa nzima; mwanzo kila wiki au kila wiki mbili, kisha kwa kupunguza. Mwenye ndevu nene na atie nia ya mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Aliyeambiwa atamaliza kabla ya arusi ya mwezi ujao amedanganywa.

Uchungu upo. Wanawake waliofanyiwa huueleza kuwa ni kama mchomo wenye moto, mdogo lakini wa kurudiarudia, na juu ya mdomo ndiko kuumako zaidi. Ziko dawa za kupaka za kufisha ganzi. Baada ya kikao uso huwa mwekundu au huvimba kidogo kwa saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, na huenda yakatokea magaga madogo yanayodumu siku chache. Magaga hayo yasikwaruzwe. Kwa ngozi zetu nyeusi iko khatari nyingine: palipounguzwa pasipotunzwa huacha doa jeusi linalokaa miezi, na mwenye asili ya kuota makovu makubwa, keloidi, na aseme kabla ya kuguswa, afanyiwe kwanza mahali padogo, angoje aone. Mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo, jambo hili si lake mpaka daktari wake akubali. Na sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho ya mwenye kufanyiwa. Fundi akionekana kukasirika kwa kuombwa hilo, basi kukasirika kwake ndiko jibu, na mtu avae buibui lake aende zake. Tumeulizwa pia juu ya udhu. Maji safi ya baridi hayadhuru. Kinachodhuru ni kusugua, na kupaka vipodozi juu ya ngozi iliyochomwa. Akipatikana fundi mwanamke, ndiye bora, wala haifai kumtaka dada yetu afumbe macho juu ya hilo.

Kudumu, hata hivyo, ni kweli. Mzizi uliokufa umekufa. Mamlaka ya Marekani yasimamiayo chakula na dawa huikubalia elektrolisisi jina la kuondosha nywele kwa kudumu, na leza, ambayo ndiyo itangazwayo zaidi leo na ambayo ni ya upesi zaidi, huikubalia jina la kuzipunguza kwa kudumu tu. Leza huutafuta weusi wa unywele, kwa hiyo haizioni nywele nyeupe, na ikitumiwa na asiyejua huuona weusi wa ngozi kuwa ndio aliotumwa kuuunguza. Ziko leza zifaazo kwa ngozi nyeusi mkononi mwa mjuzi. Lakini usoni, khasa kwa wanawake wenye sababu ya ndani, imeonekana mara nyingine kuwa nywele nyepesi zikaamka zikawa nene. Sindano ya umeme haijali rangi ya unywele wala ya ngozi. Ubaya wake ni uvivu wake, na uvivu huo mimi nimeanza kuupenda, kwani walioahidi upesi wametenda maovu makubwa.

Katika miaka ya 1920 huko Marekani daktari aitwaye Albert Geyser alieneza mashine ya eksirei aliyoiita Tricho. Mwanamke alikaa mbele ya sanduku lenye kidirisha, dakika chache, bila ya uchungu wowote, na nywele zikaanguka. Wanawake kwa maelfu walikwenda. Miaka ikapita, nyuso zile zikakunjamana, zikaota vidonda visivyopona, na wengi wakashikwa na saratani. Wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliuzwa dawa ya kupaka iitwayo Koremlu, iliyokuwa na thaliamu, sumu wauliwayo panya. Walioipaka juu ya mdomo waliona nywele za kichwani zikitoka, na miguu ikifa ganzi, na wengine nuru ya macho ikafifia. Sheria ya huko wakati ule haikuwa na mkono juu ya vipodozi. Ilipata mkono huo mwaka 1938. Nikiwafikiria wanawake hao siwezi kusema walikuwa wapumbavu wenye kupenda mapambo. Mtu haendi kuketi mbele ya sanduku geni mara kumi kwa ajili ya pambo. Walikuwa wakikimbia jambo, na kila anayekimbia humwamini wa kwanza amwoneshaye mlango.

Basi dada yetu atazamie hayo: taabu ndefu, gharama ya mara kwa mara, na mwisho wake, fundi akiwa mwema, kidevu kisicho na nywele zile. Lakini suala lake halikuwa kama nywele zitaondoka. Aliuliza kama atapumzika, na hapo yako mambo mawili ambayo sindano haiyafikii.

La kwanza ni sababu ya ndani. Nywele ngumu usoni mwa mwanamke mara nyingine ni urithi tu wa ukoo, na hakuna ugonjwa. Lakini mara nyingi ni alama ya homoni zilizopindukia, na sababu kubwa ni ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi, ambayo hukisiwa kuwapata wanawake kiasi cha mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Hedhi yake huchelewa au hukatika miezi, na chunusi na unene huandamana nayo. Mwenye hali hii akiua nywele mia leo, homoni zitaziamsha nyingine mia ambazo jana zilikuwa laini hazionekani. Kisha yeye humlaumu fundi kuwa zimerudi, na fundi huapa kuwa hazikurudi, na wote wawili wasema kweli. Kwa hiyo yampasa aanzie kwa daktari, apimwe damu. Ziko dawa za kutuliza homoni, nazo hutaka miezi kama sita kabla ya kuonekana kazi yake, na baadhi yake hazifai kwa mwenye kutazamia mimba. Na mwanamke zikimwota ghafula, katika miezi michache, na sauti yake ikawa nzito, huyo asingoje hata wiki. Huenda pana uvimbe ndani. Niongeze neno dogo: mafuta ya kujichubua rangi, yale yenye dawa ya steroidi, yakipakwa kwa muda huota nywele usoni na kuifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Wako walioutafuta weupe wakapata ndevu.

Sikuutaja hapo juu mstari wa mwisho wa barua ile, ulioandikwa kwa wino mwingine. Ulisema: yuko mtu aliyeleta posa, je, ni haki nimfiche? Msomaji wa barua aliuona akaupita, nami nilimwona akiupita. Basi nitasema niliyoyaona, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Wanazuoni wetu wa Shafi wamezihesabu aibu zimpazo mume khiyari ya kuivunja ndoa, kama wazimu, ukoma na mbalanga, na zile za maumbile ya siri zizuiazo tendo la ndoa. Ndevu za mwanamke hazimo. Unywele aliouondosha, kwa kibanio au kwa umeme, ni siri yake kama siri nyingine za mwili, wala hana haja ya kuutangaza kwa mshenga. Lakini daktari akimwambia kuwa ana hali ya ovari, ambayo huenda ikachelewesha kushika mimba, ijapokuwa wengi hupata kwa tiba, hilo naona amwambie mposaji kabla ya akdi, amwambie yeye peke yake, na kwake yeye liwe amana. Najua nasema jambo gumu. Najua mji wetu ulivyo, na kuwa amana ya namna hii hufika barazani kabla ya magharibi. Mtu akiambiwa siri hii, akaiacha posa, hakutenda kosa. Akiisimulia, amekula nyama ya nduguye.

Jambo la pili lisilofikiwa na sindano ni sisi. Nililigundua katika jambo ambalo mafundi hulitaja kwa wepesi kana kwamba si kitu. Mwenye kutaka kufanyiwa elektrolisisi yampasa aache kung'oa kwa kibanio, kwa uzi na kwa sukari ya ndimu, wiki kadhaa kabla, kwa kuwa unywele uliong'olewa hauachi kitu ambacho sindano itakifuata. Kukata kwa mkasi au kwa wembe kwajuzu, na si kweli kuwa wembe huzidisha nywele. Lakini siku chache kabla ya kila kikao aache hata wembe, nywele zitokeze kiasi cha kushikika. Tazameni maana yake. Mwanamke aliyejificha miaka kumi, aamkaye kabla ya adhana ili mamake asimwone, aambiwa kuwa njia ya kuzipoteza ni kuziacha kwanza zionekane. Na si mara moja, bali siku tatu au nne kabla ya kila kikao, mwaka mzima na zaidi. Atakwenda nazo sokoni, na kazini, na kwenye arusi za jamaa. Nadhani hapa ndipo wengi waachapo, wala si katika uchungu wala katika fedha. Hurudi katika kibanio chao cha alfajiri, au huenda kwa yule aliyewaahidi kuwa kwake hapana kungoja.

Nikajiuliza ni wapi katika mji huu mwanamke aweza kukaa siku nne na kidevu chake kilivyo. Nilidhani nitataja mahali petu pa darsa, kisha nikakumbuka safu za nyuma, nikakumbuka na uso wangu mwenyewe.

Bibi yule akusanyaye masuala alikwenda kumpelekea majibu, la kwanza na la pili, na hayo ya posa. Alirudi na khabari kuwa dada yetu ameshapimwa na daktari, na kikao cha kwanza ni baada ya wiki mbili. Naye auliza kama ataweza kuja darsani siku ya Alkhamisi amejifunga mtandio mpaka kidevuni. Bibi amemjibu kuwa aje vyovyote apendavyo, na kuwa yeye atakaa ubavuni mwake na mkeka ni wao wawili. Kutoka upande wetu wa pazia hapajatoka neno mpaka leo ninapoandika, nayo ni Jumatatu.